Mistari Minne Isiyokuwa Kwenye Sauti

Mguu wa kulia unakanyaga, sauti inaanza. Mguu unaachia, sauti inakatika katikati ya neno. Vidole vinalikimbilia neno hilo kwenye kibodi kabla halijasahaulika, halafu mguu unakanyaga tena.

Ni saa nane mchana, katika chumba cha nyuma cha duka la kutoa kopi, hatua chache kutoka lango la chuo kikuu. Upande wa pili wa ukuta wa mbao mashine zinanguruma na wanafunzi wanagombania zamu. Mwanamke aliyeketi humu ndani hayasikii hayo. Amevaa hedifoni kubwa nyeusi, upande mmoja umezungushiwa plasta ya kidonda baada ya sponji yake kuchanika, na kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu.

Wanafunzi wanamwita Masikio. Jina hilo alipachikwa na kijana mmoja wa shahada ya uzamili aliyemletea mahojiano yaliyofanyika kando ya barabara, malori yakipita, akiwa amekata tamaa kabisa kwamba kuna la maana litapatikana humo. Akarudishiwa kurasa zilizojaa. Tangu siku hiyo hata mwenye duka amelisahau jina lake la kuzaliwa, au anajifanya amelisahau.

Kazi yake ni kunakili sauti. Watafiti wakishawahoji watu huko waliko, humletea rekodi kwenye flashi au simu, naye huzigeuza kuwa maandishi ili wao wakakae wayachambue.

"Neno kwa neno," anasema, akivua hedifoni na kuziacha zining'inie shingoni. "Mtu akikohoa naandika amekohoa. Akisema 'yaani, yaani, yaani,' zote naziweka. Sirekebishi mtu. Akikosea, kosa ni lake, mimi sina ruhusa ya kumsaidia."

Na akinyamaza?

"Naandika kimya, kwenye mabano. Kimya nacho ni jibu." Anatazama meza. "Hapo ndipo nilipoharibu."

Chini ya meza hiyo kuna pedali ya kuendeshea sauti, na anayechungulia haraka hudhani ni ya cherehani. Wiki iliyopita mama mmoja aliingia na sketi mkononi akitaka apunguziwe kiuno. "Nikamwambia mimi sishoni. Akautazama mguu wangu, akanitazama usoni, akasema kama nina kazi nyingi niseme tu, nisimdanganye."

Analipwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ya kazi, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayomzeesha. Saa moja ya mahojiano yaliyotulia humla nusu siku. Ya watu wanaodakiana maneno humla siku nzima, na malipo ni yale yale, ya kutosha kujaza mtungi mdogo wa gesi na kubakiwa na nauli. "Watu wangekuwa wanaongea kwa zamu, mimi saa hizi ningekuwa nimejenga," anatania.

Leo, hata hivyo, hatulii. Kila mlango wa mbele unapolia anageuka. Saa kumi wifi yake atafika akitoka kazini. Wifi anajua kwamba kuna kitu kimeandikwa kuhusu marehemu mama yake, na kwamba bila ruhusa yake hakitachapishwa. Asichokijua ni kwamba ndani ya maandishi hayo Masikio amekiri kuwa kuna siku alimwombea mama huyo kifo.

Kabla ya chumba hiki alikuwa mpiga chapa hapo mbele, kaunta. Barua za kuomba kazi, kadi za harusi, insha za wanafunzi waliochelewa. Kisha mama mkwe akapata kiharusi. Upande wa kushoto ulikataa kabisa. Ulimi ulibaki, ingawa maneno yalitoka polepole na kwa kuchagua. Watoto wake walikuwa wawili tu: mume wa Masikio, fundi wa majokofu anayeshinda kwenye majiko ya watu, na dada yake mkubwa, askari wa usalama barabarani mwenye zamu zisizotabirika.

Kikaitishwa kikao cha familia. Kilikuwa kifupi, anakumbuka, kwa sababu kila mtu alikuwa akimtazama yeye.

"Hakuna aliyeniambia niache kazi. Walisema tu, 'Sasa tutafanyaje?' Halafu wakanyamaza. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

Akaacha kaunta. Wifi alichukua siku zake za mapumziko: alikuja asubuhi, akamwogesha mama yake, akamsuka, akamsimulia vituko vya barabarani mpaka jioni. Siku nyingine zote zilikuwa za Masikio.

Mwenye duka, ambaye ana roho nzuri anapokuwa hana wateja, ndiye aliyempelekea nyumbani flashi ya kwanza ya mtafiti. Masikio akaingiza meza kwenye chumba cha mgonjwa, akaisogeza dirishani, mgongo wake ukielekea kitanda. Asubuhi ilikuwa ya kumgeuza Mama, kumwogesha, kumpa uji na dawa, kuunyoosha ule mkono uliokataa. Alasiri ilikuwa yake.

"Mama akishakula chakula cha mchana alilala fofofo mpaka jua linageuka," anasema. "Huo ndio muda nilioupata wa kujifunza hii kazi. Navaa hedifoni, nachapa. Kama Mama asingekuwa mtu wa kulala mchana, mimi leo nisingekuwa Masikio."

Miaka ikaenda hivyo. Mama akafariki kitandani kwake, mkono wake mzima ukiwa ndani ya mikono ya binti yake. Baada ya mazishi, Masikio akarudi dukani, safari hii chumba cha nyuma, na wifi akabadilika. Akaacha kuja. Salamu zikawa za simu, fupi, kama anayeomba kuonyeshwa leseni. Masikio alidhani analaumiwa kwamba hakumtunza Mama inavyotakiwa, na hakuthubutu kuuliza. Mumewe, kila akitajiwa jambo hilo, alikumbuka jokofu la mtu.

Haya yote yangebaki humo humo nyumbani kama si mhadhiri mmoja wa elimu ya jamii, aliyekuwa akiwahoji wanawake wanaouguza ndugu zao majumbani. Alimpa Masikio rekodi azinakili. Hakujua kwamba anampa mtu aliyetoka humo humo, na Masikio hakumwambia. Alihofu kazi itahamishiwa kwa mwingine. Na tena, anakiri, alikuwa na shauku ya kuwasikia wenzake.

Katika rekodi moja, mwanamke aliyemuuguza baba yake anaulizwa: "Kuna siku ulitamani yaishe?"

Kinachofuata kwenye sauti ni kimya. Kiti kinalia. Mbali, sufuria inafunikwa. Kisha mhadhiri anasema haya, tuendelee, na wanaendelea.

Kwenye kurasa alizochapa Masikio hapakuwa na kimya. Palikuwa na mistari minne:

"Ndiyo. Ni siku ile maji yalipokatika, nikawa nimefua mashuka, naye akachafua tena yale niliyotoka kutandika. Nilisimama mlangoni nikamwomba Mungu amchukue. Halafu nikaona haya, nikaenda kumchemshia chai, nikamnywesha kwa kijiko bila kumtazama usoni."

Anaapa kwamba hakujua. "Mikono ilikuwa inakwenda. Swali limeulizwa, jibu limekuja, nikachapa. Nilijua ni la yule mama."

Mhadhiri, mwanamke mwenye miwani anayoivua kila anapotaka kufikiri, anasimulia upande wake akiwa ofisini, katikati ya marundo ya tasnifu zinazosubiri kusahihishwa.

"Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, siwezi kuficha. Niliona hilo ndilo jibu bora katika utafiti wote. Nikarudi kwenye sauti ili nimsikie mwenyewe akilisema. Nikakuta kiti kinalia."

Alimwita. Masikio anasema alipanda ngazi za jengo lile akijua ameshamwaga unga. Katika kazi yake, kuongeza neno ambalo mtu hakulisema ni kosa lisilo na samahani. Habari zake zingefika kila idara kabla hajafika nyumbani.

"Aliweka kurasa mbele yangu. Akaniuliza, 'Maneno haya ni ya nani?' Nikasema, 'Ni yangu, Mwalimu.' Akasema, 'Yaani umeyatunga?' Nikasema, 'Hapana. Ni yangu.'"

Mhadhiri alifanya kwanza kile kilichopaswa kufanywa. Mistari minne ikafutwa, neno kimya likarudi mahali pake, na rekodi zote zilizobaki za utafiti ule akazichukua. Masikio hamlaumu. "Yule mama alinyamaza, mimi nikamsemesha. Hata ningempa maneno matamu, bado ningekuwa nimemnyang'anya kimya chake."

Lakini lile "ni yangu" lilikaa kichwani mwa mhadhiri kwa siku kadhaa. Mwishowe akampigia simu. Safari hii alitaka kujua kama Masikio angependa kuyaandika maneno yale mahali pake halali, kwenye utafiti wa Masikio mwenyewe.

Upo utafiti wa namna hiyo, na waliobobea katika elimu ya jamii wanaufahamu. Mtu hujichunguza mwenyewe. Maisha yake ndiyo yanayokuwa ushahidi, naye anayageuza huku na huku ili aone jamii yake imeingia vipi humo. Si wote wanaoukubali. Jirani wa mhadhiri hapo kwenye korido, mtaalamu wa takwimu, humtania kwamba huko ni kuandika shajara na kuibandika orodha ya marejeo mwishoni.

"Ana hoja," anasema mhadhiri, miwani mkononi. "Kujisimulia tu hakutoshi, hata kinyozi anajisimulia. Ukisema nilichoka, lazima uulize: kwa nini nilichoka peke yangu? Kwa nini kikao kizima kilinitazama mimi? Nani aliamua, na aliamuaje bila kusema? Ukifika hapo, hadithi ya mtu mmoja inaanza kuwaeleza na wengine."

Masikio akaanza kuandika, na akakwama. Kila alipoishika kalamu sentensi zilimjia kama barua ya kuomba kazi. Kwa hiyo akafanya anachokijua. Aliketi jikoni na simu, akajiuliza maswali yale yale ya mhadhiri, moja baada ya jingine, akajijibu kwa sauti. Halafu akaja na rekodi hiyo kwenye chumba hiki, akaweka mguu kwenye pedali, akajinakili mwenyewe neno kwa neno.

"Ajabu kweli," anasema, na macho yake yanachangamka. "Unaandika amecheka, na aliyecheka ni wewe. Unajiuliza, huyu anacheka nini hapa? Halafu nikagundua jambo. Kila nikisimulia kumwogesha Mama nasema 'tulimwogesha', 'tulimgeuza'. Tulikuwa nani? Nilikuwa peke yangu siku sita kati ya saba. Sasa kwa nini nasema tulikuwa wengi? Niliirudia sehemu hiyo mpaka mwenye duka akaja kuuliza kama mashine imeharibika."

Ameikuza mistari minne ikawa sura nzima ya kitabu ambacho mhadhiri anakikusanya. Kulikuwa na sharti moja tu, na mhadhiri hakutaka mjadala juu yake: mtu yeyote anayetambulika ndani ya hadithi yako asomewe kwanza, naye akubali. Mama hawezi kusomewa tena. Amebaki binti yake.

Masikio alijaribu kupiga chenga. Katika rasimu ya pili wifi aligeuka "ndugu wa karibu". Katika ya tatu akawa "jirani mmoja". Katika ya nne alikuwa "mtu fulani", anayeingia na kutoka chumbani kwa mgonjwa bila sababu inayoeleweka.

"Mwalimu akaniuliza, marehemu alikuwa na watoto wangapi wa kike? Nikasema mmoja. Akaniuliza, na huyu mtu fulani anayemsuka marehemu nywele amevaa sare ya trafiki?"

Hata mtaalamu wa takwimu, alipoambiwa, alisema hesabu hiyo haihitaji kompyuta.

Saa kumi inafika, na wifi naye anafika. Yuko bado kwenye sare, kofia kwapani, vumbi la barabara kwenye viatu. Mwenye duka anakumbuka ghafla kwamba pikipiki yake ameiegesha pabaya, anatoka. Wanafunzi kwenye foleni ya kopi wananyooka wenyewe bila kuambiwa.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Hajambo kaka yangu?"

"Hajambo. Yuko kwenye majokofu yake."

"Ndiko alikozaliwa," anasema wifi, anakaa.

Mwandishi wa makala haya yuko pembeni, kwenye stuli ya plastiki, kwa ruhusa ya wote wawili. Masikio anaweka simu mezani na kuuliza kama anaweza kurekodi, ili wifi akisema chochote kisipotee.

"Rekodi tu. Mimi kila siku narekodiwa na wenye magari, wengine hata salamu hawanipi."

Ni mwanamke aliyezoea watu kujieleza mbele yake. Anasikiliza mikono ikiwa imekunjwa kifuani, na uso hauonyeshi kama gari litaruhusiwa au litawekwa kando. Masikio anasoma. Anasoma kikao cha familia. Anasoma kiharusi, uji, meza ya dirishani. Anasoma: "Alasiri Mama alilala, nami nikafanya kazi."

"Kikombe," wifi anamkatiza.

"Kikombe gani?"

"Cha uji. Umeandika cha bluu. Kilikuwa cha kijani. Nilikinunua mimi."

"Nitarekebisha."

"Na hapo juu uliposema siku za zamu yangu nilikuwa nafika nimechelewa. Sikuwa nachelewa. Nilikuwa nimekwama kwenye foleni."

"Wifi, si wewe ndiye unayeziondoa foleni?"

"Ndiyo maana iliniuma." Midomo yake inacheza kidogo, kisha inatulia. "Endelea."

Masikio anageuza ukurasa, ingawa mistari hiyo anaijua kwa moyo, na anaisoma hadi mwisho bila kuinua macho. Maji yaliyokatika. Mashuka. Mlango. Maombi. Chai ya kijiko.

Upande wa pili wa mbao mashine ya kopi inamaliza kazi ya mtu, inatulia.

"Yale maombi," anauliza wifi, "uliyasema kwa sauti?"

"Nilinong'ona."

"Mlangoni?"

"Mlangoni. Mama alikuwa amegeukia ukutani."

"Mama alikuwa na masikio kukuzidi wewe." Wifi anakunjua mikono, anaiweka magotini. "Alisikia. Nilipokuja siku yangu ya mapumziko aliniambia. Alisema, 'Mkwe wangu amechoka na mimi, na ana haki ya kuchoka. Usimwambie kwamba najua, atashindwa kunitazama.'"

Kurasa zimemlalia Masikio mapajani.

"Kwa hiyo mimi najua," anaendelea wifi. "Najua siku zote hizo. Mama alikusamehe papo hapo, mimi nikashindwa. Nilikasirika sana, wifi, sitakudanganya. Nilikuwa nakutazama pale msibani unalia, nikasema moyoni, si ndicho ulichokiomba? Ndiyo maana nilikata mguu kwenu. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Nikasema asiposema, basi."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Watu wote wakisimama mbele yangu wanaogopa, mimi nimezoea. Wewe nilitaka uogope halafu useme." Anafuta uso wake kwa kiganja, mara moja, kama anayefuta jasho. "Sasa umesema. Mbele ya mgeni, na simu imewashwa. Basi."

Kisha anainama na kuweka kidole kwenye ukurasa wa juu, mahali alipopapita kimya mara ya kwanza.

"Lakini hapa umeandika uongo."

"Wapi?"

"Alasiri Mama alilala. Nani alilala?"

"Mama. Kila siku, wifi. Baada ya chakula."

"Mama yangu hakuwahi kulala mchana tangu nizaliwe. Sisi tukilala mchana alikuwa anatupima homa." Sauti yake imeshuka. "Alikuwa anafumba macho. Nilimkuta hivyo siku moja, wewe umetoka kidogo, nikamshika mkono nikajua yuko macho. Nikamuuliza, unamwigizia nani? Akaniambia, 'Nikifumba macho ananiacha. Anakwenda kukaa kwenye mashine yake, mabega yanamshuka.' Nikasema, Mama, saa zote hizo mpaka jioni, unafanya nini humo ndani ya giza? Akasema, 'Namsikiliza anavyochapa.'"

Masikio ameweka kiganja mdomoni. Wifi anatazama pedali chini ya meza. Mlango wa mbele unalia, mtu anauliza bei ya kubandika jalada, anajibiwa na mwenye duka aliyekwisharudi, anaondoka.

Mwishowe wifi anaokota kofia yake. Anasema kitabu kichapishwe, kikombe kiwe cha kijani, na yeye aandikwe trafiki waziwazi, hataki kuwa mtu fulani. Jumapili atakuja kula. Mlangoni wanashikana kwa nguvu na kwa muda, na beji ya sare inaacha alama kwenye shavu la Masikio.

Siku mbili baadaye Masikio yuko mezani kwake, hedifoni masikioni. Ameamua kwamba ile sentensi haifuti. "Alasiri Mama alilala, nami nikafanya kazi" itabaki pale ilipo, kwa sababu ndivyo alivyoamini miaka yote hiyo. Chini yake atayaweka maneno ya wifi, neno kwa neno. Mhadhiri amemwonya kwamba wasomaji watauliza wamwamini nani kati yao. Masikio anasema yeye mwenyewe bado anajiuliza, na hilo nalo ataliandika.

Mwakani anataka kuomba nafasi ya cheti cha utafiti wa jamii, hapo hapo ng'ambo ya lango. Kabla ya hapo kuna mumewe, ambaye naye yumo kwenye hadithi na bado hajasomewa. Tangu alipoambiwa, majokofu yameharibika mji mzima. "Nitampata," anasema Masikio. "Jumapili dada yake atakuwepo, atamsimamisha."

Kisha anageukia kazi. Ni rekodi ya wifi. Mguu unakanyaga, sauti inaanza, unaachia, inakatika. Vidole vinakwenda: kikombe, foleni, maombi, uongo. Vinafika kwenye "Namsikiliza anavyochapa," na hapo sauti inaishiwa maneno. Kinachosikika ni pumzi za watu wawili na mlango unaolia mbali.

Masikio anajua kabisa alichotaka kumwambia Mama pale. Midomo yake inakisema polepole, bila sauti. Mikono yake imesimama juu ya kibodi, inangoja.

Halafu anafungua mabano, anaandika kimya, anafunga mabano.